Barua ya wazi: Msilivunje ghala kabla hamjayatoa madaftari ya waanzilishi

Kwa Ndugu Viongozi wenye dhamana ya kumbukumbu za umma,
Wilayani kwetu,
Mkoa wa Ruvuma.

YAH: OMBI LA KUNUSURU MADAFTARI NA MAFAILI YA KIJIJI CHA WAANZILISHI KABLA YA MVUA

Ndugu Viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nawasalimu. Walionizidi umri, shikamooni, ingawa nikiangalia nyuso za humo ofisini naona zamu ya kuamkiwa sasa ni yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu na mtoto wa waanzilishi wa kijiji. Wazazi wangu walihamia huko mwaka 1964 kwa miguu, na mimi nilizaliwa hapohapo mwaka uliofuata.

Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu mwezi Machi, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA mbele ya macho yangu. Niliporudi mwezi Juni, kijana wa masijala, mpole kwelikweli, alifungua daftari la barua zinazoingia, akaikuta namba yake, akatafuta kwenye mafaili mpaka jasho likamtoka, na barua yenyewe haikuonekana. Akaniomba nakala. Nikaleta. Mwezi Agosti nikaambiwa nakala hiyo ipo mezani kwa mkubwa, na mkubwa yuko safarini. Basi barua ya kuomba karatasi zisipotee imepotea mara mbili, na hii ya tatu naiweka hadharani ili wasomaji nao wabaki na nakala.

Sitaitaja ofisi, wala kumtaja mtu. Hata jina la kijiji changu naliacha, maana ukishakitaja kijiji umeshaitaja na ofisi. Ninyi mnaohusika mnajijua, na muhuri wenu ninao.

Niseme kwanza ni karatasi gani ninazozililia, kwa sababu vijana wengi wa humo ofisini hawakuwahi kuambiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla neno ujamaa halijaingia kwenye hotuba za kila siku, kikundi cha vijana wa TANU Youth League kiliingia porini Litowa, hapa Songea, kuanzisha kijiji cha kulima na kuishi pamoja. Aliyekuwa mbele yao ni Ntimbanjayo Millinga. Jaribio la kwanza lilikwama, wakarudi wakajaribu tena. Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo vilikuwa vimeanza kuungana, ikaundwa RDA, yaani Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, akaja na familia yake kukaa Litowa kama mshauri. Hadi mwaka 1969 vijiji vilikuwa vimefika 17. Walikuwa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea na mashine ya kupasua mbao. Walikuwa na shule pale Litowa ambako watoto walisoma na kulima na kuamua mambo yao wenyewe, hata kabla Mwalimu Nyerere hajaandika Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu alipotoa andiko la Ujamaa Vijijini mwezi Septemba 1967, wazee wetu walilisoma kama mtu anayesomewa habari za nyumbani kwake.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Mali zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa, wageni wakaondoka nchini.

Kuhusu nani alikuwa na haki siku ile, nina maoni yangu na leo nayaweka mfukoni. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Nadai madaftari.

Mwezi Februari mwaka huu mwenyekiti wa kijiji alinifungulia ghala la zamani la chama cha msingi cha ushirika. Mnalijua: tofali za kuchoma, bati lenye kutu, upande mmoja mifuko ya mbolea, upande mwingine baiskeli mbovu na madawati yasiyo na miguu. Nyuma ya madawati kuna kabati la chuma lisilofungika na makasha manne ya mbao, yale yaliyokuwa yakisafirishia chai. Ndani yake mna kauntabuku, mafaili ya karatasi ngumu, nakala za kaboni zilizofifia hadi rangi ya zambarau, na mafungu ya stakabadhi yaliyobanwa kwa pini. Pini zimeota kutu na kutu imekula karatasi, kwa hiyo ukishika fungu unabaki na kona mkononi. Kasha la chini kabisa lina njia ya mchwa iliyopanda ukutani kama mshipa. Nililigusa kwa kalamu, likaporomoka.

Kauntabuku la juu lilikuwa la kazi za mwaka 1966. Kushoto majina, juu tarehe, na ndani ya kila chumba alama ya vema kwa aliyefika shambani. Aliyeandika alikuwa na mwandiko wa kulala, na herufi "g" yake ina mkia mrefu unaoingia mstari wa chini. Nikamtafuta mama, nikamkuta. Mwezi Juni ana vema mfululizo, kisha siku tatu hazina alama, na pembeni kwa wino wa buluu pameandikwa kwamba mtoto anaumwa. Ndugu Viongozi, mtoto huyo ndiye anayewaandikia barua hii. Mama alishatangulia mbele ya haki, picha yake ya ujana sina hata moja. Nilicho nacho ni vema hizo.

Nilipiga picha kurasa 31 kwa simu mpaka chaji ikaisha. Hizo 31 ndizo pekee zilizo salama kati ya makasha manne.

Hoja zangu ni hizi.

1. Ghala linavunjwa na hakuna orodha ya kilichomo.

Kwamba mahali pale pajengwe ofisi mpya ya kata, sipingi. Ofisi tunaihitaji. Lakini nilipouliza makasha yatakwenda wapi, mmoja alisema yatahamishwa, mwingine alisema takataka zitachomwa, na fundi anayesubiri kazi aliniambia yeye ameelekezwa asafishe kiwanja. Kwa fundi, kusafisha kiwanja ni kusafisha kiwanja. Hakuna aliyemwandikia kwamba katikati ya madawati mabovu kuna kitu cha kubakisha, na hakuna awezaye kumwandikia, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo. Waswahili wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa ikiwa kinachopotea ni daftari lenyewe?

2. Karatasi hizi zimeshapokezana mikono mingi mno, na kila mkono umeangusha kitu.

Nawaomba mnivumilie hapa, maana hii ndiyo hoja ambayo kila ninayemweleza anaipita haraka.

Mwaka 1969 mali za RDA zilipochukuliwa, karatasi za ofisi kuu ya chama zilikwenda njia moja na zile za kila kijiji zikabaki vijijini, chini ya vitanda vya makatibu. Mwaka 1972 serikali ikazifuta halmashauri za wilaya na kupeleka madaraka mikoani, mafaili yakahama. Mwaka 1975 ikaja Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, na vijiji vikaandikishwa upya kwa madaftari mapya. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, na pamoja navyo chama chetu kikuu cha Ngoni-Matengo, kilichokuwapo tangu 1936 kikiuza tumbaku ya wakulima. Stakabadhi za tumbaku zikabaki hazina mwenyewe. Halmashauri zikarudi kwa sheria za mwaka 1982, mafaili yakahama tena, safari hii pungufu. Kisha wilaya nayo ikaanza kumegwa: Namtumbo ikajitenga mwaka 2002, na baadaye Madaba ikapata halmashauri yake. Kila mgawanyo una kikao cha kugawana magari, meza na watumishi. Sijawahi kusikia kikao cha kugawana kumbukumbu.

Matokeo yake ni kwamba leo ukiuliza faili la kijiji la mwaka 1967, halmashauri inasema liko kijijini, kijiji kinasema lilichukuliwa na halmashauri, na wote wawili wanasema kweli kwa kadiri wanavyojua. Kilichonusurika ghalani kimenusurika kwa bahati tu, na kwa uaminifu wa katibu mmoja wa zamani, marehemu sasa, aliyekataa kuyatoa makasha yake mwaka 1976 mpaka apewe hati ya makabidhiano. Hati hakupewa. Kwa ukaidi huo wa mzee mmoja, ninyi na mimi tuna cha kuzungumza leo.

3. Bila madaftari haya, watoto wetu wataamini ujamaa ulikuwa jambo moja tu.

Nimefundisha historia miaka mingi. Mwanafunzi wa kidato cha pili ukimwuliza vijiji vya ujamaa vilianzaje, anakujibu: watu walipakiwa kwenye malori. Hajakosea. Kuanzia Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni hadi 1976, wengine wakiacha nyumba zinateketea nyuma yao. Hayo yapo na yasifichwe. Lakini miaka kumi kabla yake, hapahapa kwetu, kulikuwa na watu waliokwenda kwa hiari na mizigo yao kichwani, wakakaa jioni kwenye mkeka kupanga kazi ya kesho. Kati ya kurasa zangu 31 kuna muhtasari wa kikao walichojadili kama mwanamke anayeteka maji ya wagonjwa ahesabiwe siku ya kazi sawa na aliyekwenda shambani. Walibishana kurasa mbili nzima. Waliamua ahesabiwe. Mwaka 1966, Ndugu Viongozi, porini, kwa taa ya chemli.

Mwalimu gani atamwonyesha mwanafunzi tofauti ya mambo haya mawili kama ukurasa huo umechomwa pamoja na madawati?

4. Mipaka.

Hii naiweka kwa wale ambao habari za mikeka na chemli haziwagusi. Kijiji chetu na jirani zetu tuna mgogoro wa bonde, mnaujua, mmeshakuja na gari mara kadhaa kuupatanisha. Katika makasha yale kuna mchoro wa mkono wa mashamba ya pamoja, wenye mto, mti na jiwe, pamoja na muhtasari wa wazee wa pande zote mbili walioweka dole gumba. Niliuona kwa macho yangu, na chaji ilikuwa imeshaisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, mipaka iliyokubaliwa na vijiji jirani ina uzito. Sisemi mchoro ule unatupa sisi haki, huenda ukawapa wenzetu. Nasema posho za vikao vitatu vya usuluhishi zingetosha kununua kabati la kuutunza.

5. Historia yetu inasomeka kirahisi zaidi Uingereza kuliko hapa.

Kumbukumbu za Ibbott zimechapishwa huko mwaka 2014, na nafurahi. Aliishi na wazee wetu na anawasema vizuri. Wasomi wa Ulaya na Marekani nao wameandika kuhusu RDA tangu miaka ile. Lakini huyo ni mshauri anakumbuka, na hao ni wasomi wanachambua. Sauti ya mkulima aliyeandika kwa Kiswahili, bila kujua kama kuna atakayemsoma, imo kwenye makasha manne na si kwingine.

Najua majibu mliyonayo, kwa sababu nimeshapewa karibu yote nikiwa nimesimama kaunta.

Mtasema hakuna fungu. Nimefanya hesabu. Kazi ya kwanza haihitaji fungu: inahitaji chumba kikavu kimoja, chaga za mbao ili makasha yasigusane na sakafu wala ukuta, na watu wanne kwa siku mbili. Chaga nitazitoa mimi, nimezikagua kwa fundi seremala. Watu ninao, wastaafu wenzangu wawili na vijana wawili waliomaliza kidato cha sita wako nyumbani. Kung'oa pini zenye kutu kunahitaji subira na kisu butu. Kuna jambo moja tu naomba lisifanyike kwa nia njema: mtu asije na gundi ya plastiki au mashine ya kulamineti. Karatasi ya miaka sitini ukiilamineti umeizika.

Mtasema hizo ni mali ya kijiji, si za halmashauri. Vizuri, basi kiandikieni kijiji barua ya kukiri hivyo, tuzihamishe kesho. Nilipopendekeza hilo kwa mtendaji wa kijiji alinijibu, kwa haki kabisa, kwamba yeye hana ruhusa ya kutoa nyaraka za serikali ghalani. Faili likiwa la kutunzwa ni la kijiji, likiwa la kutolewa ni la serikali. Chagueni moja.

Mtasema mambo yote sasa yanakwenda kwenye mfumo. Sina ugomvi na mfumo. Kompyuta inaingiza kilicholetwa mbele yake, na kauntabuku la 1966 halitajipeleka lenyewe. Na hata likishapigwa picha, la asili lisitupwe. Simu yangu yenye kurasa 31 imeshaanguka mara mbili tangu Februari.

Wapo waliosema nipeleke kila kitu Dodoma au Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hili nalikubali nusu. Idara ile ina wataalamu na ndiyo yenye neno la mwisho kisheria, na ombi langu mojawapo ni kwamba muwaite. Lakini mjukuu wa mwanzilishi anayetaka kuona jina la bibi yake asilazimike kupanda basi hadi makao makuu ya nchi. Nakala ibaki hapa.

Jibu la mwisho halikusemwa kwa sauti. Mmoja wenu, mtu ninayemheshimu, alinishika bega akanitembeza hadi chini ya mwembe wa nje, akaniambia: Mwalimu, yale ya 1969 yaache yalale. Nimeyafikiria sana maneno hayo. Waliofanya uamuzi ule wengi wametangulia, na walioumizwa nao wengi wametangulia pia. Aliyeiongoza nchi wakati ule tunamkumbuka kila tarehe 14 Oktoba, na wiki iliyopita tu niliwasikia kwenye kipaza sauti mkituhimiza tumuenzi. Je, tunamuenzi kwa kuchoma mihtasari ya watu waliolitekeleza wazo lake kabla hajaliandika? Kila tarehe 27 Februari mkoa wetu unakusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, na hakuna anayesema hao nao waachwe walale. Karatasi zile nyingi hazina siasa yoyote. Zina debe za mahindi, siku za kuugua, zamu za kuchunga ng'ombe, na nani alivunja jembe.

Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, inazigusa serikali za mitaa kama inavyozigusa wizara, na hairuhusu kumbukumbu ya umma iteketezwe kwa sababu tu ni kuukuu au kiwanja kinahitajika. Lazima kiwepo kibali cha wenye mamlaka, na kibali hakitolewi kwa vitu visivyoorodheshwa. Siwatishi kwa kifungu. Nawakumbusha kwa kuwa fundi akishawasha kiberiti, atakayeulizwa si fundi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

Kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, fundi apewe agizo la maandishi kwamba kabati na makasha manne yasiguswe. Hili ni la karatasi moja na sahihi moja, laweza kufanyika leo kabla ya saa tisa na nusu.

Pili, ndani ya siku 14, makasha yahamishiwe chumba kikavu. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ameshasema kuna stoo ya vitabu yenye dari nzima. Mhamishaji na mpokeaji watie sahihi kwenye hati ya makabidhiano, ile ambayo katibu wetu wa 1976 hakuipata.

Tatu, tuorodheshe. Kila kauntabuku, kila faili: mwaka, linahusu nini, hali yake. Orodha iwe na nakala nne, yenu, ya kijiji, ya shule, na ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambao mtawaandikia mkiomba mtaalamu aje aseme kipi kiende kwao na kipi kibaki.

Nne, kurasa zipigwe picha zote, na nakala ziwekwe mahali mwananchi anaweza kuzisoma bila kuandika barua tatu.

Tano, wazee. Kwa hesabu yangu waliobaki kati ya wale waliofika kijijini wakiwa watu wazima kabla ya 1969 ni saba, na mmoja wao hasikii vizuri tena. Ofisi yenu ina idara ya maendeleo ya jamii. Nipeni barua ya utambulisho tu, nitawafuata nyumbani kwao na kinasa sauti, mmoja mmoja, nikiwa na kurasa zangu 31 za kuwaonyesha. Nilijaribu kwa bibi mmoja mwezi Mei. Nilimsomea majina ya ukurasa wa Juni 1966 kama ninavyoita mahudhurio darasani. Akawa anaitikia kwa kila jina: huyu alikuwa mwimbaji, huyu alioa kwetu, huyu alirudi Matimila, huyu hakupenda kuamka. Tulipofika jina lake mwenyewe alisema "nipo", akacheka hadi akashika ubavu. Sikuwa na kinasa sauti. Alifariki mwezi Julai.

Mvua za kwetu huanza mwishoni mwa Novemba. Bati la ghala lina tundu juu ya kasha la tatu, kubwa la kupitisha kiganja, nimelifunika kwa turubai na mawe mawili, na upepo wa juzi umeshaondoa jiwe moja.

Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa ghala na chaga sita, wastaafu wawili na vijana wawili. Naomba mje na ufunguo, na mje na ile karatasi yenye sahihi. Kama haitakuwapo tutakaa nje chini ya mwembe mpaka jioni, na siku inayofuata tutarudi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mtoto wa waanzilishi

Nakala kwa:
Mwenyekiti wa Kijiji – kwa taarifa, na asante kwa kunifungulia mlango
Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi – tafadhali tuandalie ile stoo
Fundi – tafadhali subiri kidogo